Rimoti ya Mama Lishe Ilivyoua Kikosi Kizima

Walinzi 12 wa kampuni moja hapa Dodoma walitakiwa kufanya mazoezi ya kushambuliana bila risasi, nami fundi redio nikajifanya najua vita. Mwalimu wao, mwanajeshi mstaafu, alinisimulia mfumo wa Wamarekani uitwao MILES: bunduki inafungwa leza, ukifyatua risasi baridi, ile ya mlio tu, leza inatoka, vipokezi vilivyo mwilini mwa adui vinaipokea na king'ora kinalia. Kwenye MILES ya mwanzo, ukishakufa hakinyamazi mpaka uchomoe ufunguo wa leza kwenye bunduki yako mwenyewe na kuuchomeka kwenye vazi lako la vipokezi, na hapo bunduki nayo imekufa.

"Hicho hicho nitengenezee."

"Sawa, afande." Mdomo huu!

Leza sikuwa nayo. Nilitumia taa za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, za nanomita 940, nikazitia ndani ya bomba la plastiki na lenzi ya kukuzia mbele. Taa isipokaa kwenye fokasi, mwanga unatawanyika na bunduki yako inageuka tochi. Kila fulana ilikuwa na vipokezi vitano vya kiloherzi 38, yaani vinavyosikia tu mwanga unaopepesa mara 38,000 kwa sekunde: viwili kifuani, viwili mgongoni, kimoja kofiani. Nilivivika vijibomba vyeusi, maana jua la hapa saa sita mchana linavilemea, havisikii kitu.

Kosa langu ni moja (afande anasema mawili). Kila risasi ilitakiwa kubeba ujumbe: mpigo wa kuanzia wa mikrosekunde 2,400, kisha biti 14 za namba ya mpigaji, timu yake na ukubwa wa jeraha. Usiku wa kuamkia mazoezi umeme ukakatika. Nikaiambia programu tu: ukisikia kiloherzi 38, kufa.

Asubuhi tulipigana vizuri kwenye mibuyu huko Nzuguni, tukifuta vumbi kwenye lenzi kila mara. Saa saba tukaingia bandani kwa mama lishe, fulana mwilini, bunduki tumeziegemeza nje. Televisheni iko mbele, mama yuko nyuma yetu jikoni.

"Wanangu, ngoja niwawekee tamthilia."

Akabonyeza rimoti.

Fulana 12 zikalia kwa mpigo. Rimoti nyingi za televisheni hutumia kiloherzi 38 hizo hizo, na mwanga wake hautafuti mtu mmoja: unagonga bati, unagonga ukuta, unarudi. Mmoja akajitupa chini kwa mazoea, kijiko bado mdomoni. Bakuli la mlenda likatua mapajani mwa afande. Mama, akidhani televisheni ndiyo mbovu, akazidi kubonyeza.

"Chomoeni funguo!"

Wakakimbia nje, wakachomoa. Kimya kidogo, kisha kelele upya. Hilo ndilo kosa la pili: king'ora kikilia kinanyonya umeme, volti zinashuka, vipokezi vinachanganyikiwa na kudai vimepigwa tena. Kapasita ya mikrofaradi 10 na rezista ya omu 100 kwenye njia ya umeme ya kila kipokezi zingetosha kuutuliza, nilizibania. Tukang'oa betri fulana moja moja, mama akiuliza, "Baba, haya majini mmeyatoa wapi?"

Jioni nikaziandika zile biti, rimoti isiue tena. Afande akaja, suruali bado inanata, rimoti mkononi. Kwenye MILES, akasema, mwamuzi ana bunduki yake ya kumuua yeyote anayevunja kanuni. "Hii ndiyo yangu. Iache iendelee kuua."

Televisheni ya mama ilikuwa imegandia kwenye kikao cha Bunge. Siku ya tatu akanishika shati njiani: "Fundi, rimoti yangu inarudi lini kutoka vitani?"