Wakala wa Noti Zangu

Aliyeniponza ni mpwa wangu, anasoma UDOM. Alikuja dukani, akaichukua simu yangu, akaibonyezabonyeza, kisha akasema, "Mjomba, nimekuwekea wakala wa kukurekebishia noti." Nikafurahi mno. Wakala ninayemjua mimi anakaa chini ya mwavuli kule Majengo, na noti ninayoijua ina picha ya tembo. Nikaenda kwenye droo kumtafutia zile elfu kumi mbili zilizochanika.

Kumbe wakala mwenyewe ni akili mnemba. Wengine wanaiita akili unde. Mimi siku hizi naiita jina ambalo mke wangu kanikataza kulitamka mbele ya watoto. Na noti ni yale maneno tunayoandika kwenye kalenda ya mazoezi.

Maana ninafanya mazoezi, ndiyo. Daktari alinipima presha, akatazama mashine, akanitazama tumbo, akatazama tena mashine. Halafu tangu Simbu, kijana wa hapo Singida, jirani zetu kabisa, ashinde marathoni ya dunia kule Tokyo mwezi wa tisa 2025 kwa kumzidi Mjerumani sekunde 0.03, kila mwenye kitambi Dodoma kanunua raba. Na mimi nikajiunga na kikundi cha jogingi hapa Ipagala. Kocha anapanga kilomita kwenye kalenda, wewe unaandika chini yake umelalaje, umekula nini, wapi panauma. Kikundi kizima kinaona. Kumbukeni hapo.

Sasa kuandika kwa vidole vya muuza misumari ni kazi, ndiyo maana ya wakala: unamwambia, anaandika yeye. Siku ya kwanza nilimngoja aniamkie. Hakuna shikamoo wala nini. "Habari! Nikusaidie nini leo?" Haya, nikameza.

Jumatano nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu maelezo marefu: goti la kushoto linalia kama bawaba, nimetembea kuanzia Nyerere Square, upepo ulikuwa usoni, vumbi nimekula la kutosha kufyatulia tofali. Noti nzuri, yenye uchungu. Jioni nikamwambia wakala, "Ongeza kwamba nimekunywa maji lita 2." Akajibu, "Tayari! Noti imesasishwa." Nafungua, nakuta: *Nimekunywa maji lita 2.* Basi! Goti limekwenda, bawaba imekwenda, vumbi limefutika kama mvua imenyesha. Kocha kusoma, akaona mtu mzima hana tatizo, kaniongezea kilima cha Mlimwa.

Mpwa wangu eti ananielewesha. "Mjomba, kile kifaa anachoandikia wakala hakiongezi. Ukikipa maandishi mapya kinayaweka mahali pa yale ya zamani yote. Wakala alitakiwa asome kwanza noti ilivyo, aunganishe, ndipo aandike." Nikamuuliza, kwa nini hakusoma? Akasema hukumwambia. Jamani, hata kijana wangu wa dukani nikimwambia aongeze saruji kwenye rafu haanzi kwa kutupa ile iliyokuwepo. Na huyo hajamaliza hata kidato cha pili.

La saa ndilo karibu linipeleke hospitali. Nilimwambia aandike mbio za Jumanne ni saa 11. Mtu yeyote aliyelelewa kwa Kiswahili anajua, saa 11 ya kukimbia ni alfajiri, jogoo wakigombana. Yeye kaandika 11:00. Jumanne alfajiri nimelala fofofo, simu kimya. Saa tano kamili nampimia mteja misumari ya inchi tatu, jua la mwezi wa kumi limesimama juu ya bati, simu ikalia: muda wako wa kilomita 6 umefika! Mteja akaniangalia. Nikamwambia ni mke wangu.

Juma Ikangaa, mzaliwa wa hapa hapa Dodoma, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989. Sidhani kama alikuwa akibishana na simu kabla ya kufunga kamba za viatu.

Lakini yote hayo ningesamehe. Jumamosi iliyopita nilikacha. Wenzangu wameelekea barabara ya Iringa, mimi nimekata kona kwa mama ntilie, supu ya mbuzi na chapati mbili. Kwa ujinga wangu, au kwa utamu wa ile supu, nikaiandika yote kwenye noti. Nilipofika nyumbani akili ikarudi. Nikamwambia wakala haraka haraka: "Rekebisha noti ya leo, nisionekane nimekula chapati."

"Tayari! Noti imesasishwa."

Nafungua kalenda. Kwa herufi safi, nukta mahali pake, ile noti inasomeka: *Nisionekane nimekula chapati.*

Watu 23 walikuwa wameshasoma. Mmoja kaweka kicheko. Mke wangu, ambaye hata hakimbii, kajiunga kikundini siku hiyohiyo.

Leo kocha kapanga ya wiki hii. Jumamosi kilomita 12, na chini yake, kwa mabano, "bila supu". Ningependa sana yale mabano yaondoke. Simu ninayo hapa mkononi tangu saa mbili, wakala ananiuliza anisaidie nini, na mimi nimenyamaza kimya.