Askari wa El Adde Wana Majina Yao

Kwa sisi watu wa Lamu, vita vya Somalia vilianza mlangoni petu. Septemba 2011 mgeni wa Kiingereza aliuawa Kiwayu, mkewe akatekwa. Tarehe 1 Oktoba Marie Dedieu, mama wa Kifaransa aliyekuwa mlemavu, alichukuliwa usiku nyumbani kwake kisiwani Manda, akafia mikononi mwa waliomteka. Katikati ya mwezi huohuo jeshi la Kenya likavuka mpaka. Hivyo kijana aliyeuawa kule, awe wa Kakamega au wa Malindi, alipelekwa vitani kwa ajili ya usalama wetu pia, na sisi tuna deni naye.

Alfajiri ya 15 Januari 2016 wapiganaji wa Al-Shabaab, ambao jeshi letu lilivuka mpaka kupigana nao, walivamia kambi ya jeshi hilo (KDF) huko El Adde, mkoa wa Gedo, Somalia. Shirika la habari la CNN lilihesabu waliokufa wasiopungua 141. Rais wa Somalia wa wakati ule, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja kati ya 180 na 200, na jeshi letu likakanusha. Idadi rasmi hatukupewa. Baadhi ya maiti ilibidi zitambuliwe kwa vipimo vya vinasaba.

Naomba msomaji afikirie maana ya jambo hili nyumbani kwa Muislamu. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Ataanza kuihesabu lini, ikiwa hakuna anayemwambia kwa hakika kwamba mumewe amekufa? Khitma ya aliyepotea isomwe lini? Mama mzazi avunje matanga au aendelee kutazama njia? Msiba una taratibu zake, na taratibu hizo zinataka kauli iliyo wazi. Kumnyima mfiwa kauli hiyo ni dhuluma, na nasema hivyo bila kupunguza neno.

Wapo wanaosema adui asijulishwe hasara yetu. Lakini adui ndiye aliyekuwepo pale kambini, akapiga picha na kuzitangaza; waliofichwa ni sisi. Kisha tazameni yaliyotokea hapahapa kwetu, Manda Bay. Tarehe 5 Januari 2020 kambi ya kijeshi waliyokuwemo Wakenya na Wamarekani ilishambuliwa na Al-Shabaab, wakafa askari mmoja wa Marekani na makandarasi wawili. Hazikupita siku nyingi, nchi yake ikamtangaza askari huyo kwa jina na umri: Henry Mayfield Jr., miaka 23. Vita vilikuwa bado vinaendelea, na hawakuona kwamba kumtaja kutawadhoofisha.

Najua Lamu ina machungu yake na watu wa usalama. Wavuvi walikatazwa bahari ya usiku kwa miaka, na nyumba nyingi zilikosa riziki. Madai hayo yana haki yake na yaendelee kudaiwa. Hayamhusu kijana aliyelala El Adde.

Ninalotaka ni jambo dogo. Serikali itoe orodha kamili, familia zikiridhia. Kaunti iweke ubao wa majina pale Mkunguni, mbele ya Ngome, watu wapitapo kila siku kwenda sokoni. Kila 15 Januari majina yasomwe yote kwa sauti, imamu na padri waombe dua. Gharama yake ni ubao, rangi na fundi wa kuandika. Kinachosubiriwa ni ile orodha, na walio nayo wako Nairobi.