Kulipia kiti kwenye ofisi isiyo na kazi

Mwaka 2025 habari zilienea kwamba huko China vijana wasio na ajira wanalipa ili washinde kwenye ofisi za kuigiza. Mjini Dongguan ada ilikuwa yuan 30 kwa siku, zaidi ya shilingi 500 zetu za Kenya. Meza ipo, kompyuta ipo, intaneti ipo. Mwajiri hayupo, wala mshahara.

Kuna wanaouita huu wendawazimu. Mimi siwezi. Kijana wa Likoni, hapa Mombasa, aliyemaliza chuo anaijua adha ya kukutwa nyumbani saa nne asubuhi, jirani akimsalimu na kumuuliza, "Leo huendi kazini?" Akipiga pasi shati, akavuka feri, akashinda mjini akituma maombi ya kazi, hajamwibia mtu. Amejiepusha na kitanda na simanzi tu.

Lakini wapo waliokodi viti hivyo ili wavionyeshe vyuo vyao kuwa ndiko wanakofanyia mafunzo ya kazi. Hapo igizo limekuwa uongo, na atakayeumia ni mwajiri wa kesho anayeamini cheti.

Ufaransa wanaigiza kwa njia nyingine. Candelia, kampuni ya kuigiza ya mjini Lille, ilikuwa "ikiuza" samani ambazo hazipo. Wateja wake wa kubuni, benki yake ya kubuni. Ila wasio na ajira walijifunza humo kuandika ankara, kuweka hesabu na kupokea simu. Hii ningeitaka Mombasa. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru makontena ya bara yapelekwe Nairobi kwa reli mpya ya SGR, kazi za mawakala wa mizigo hapa zilipungua, na agizo likaja kuondolewa 2022. Aliyesomea uwakala wa forodha miaka ile, angejifunzia wapi? Ofisi ya kuigiza, yenye makaratasi ya forodha na mwalimu aliyeifanya kazi hiyo bandarini, ingemfaa sana.

Ninalolichukia ni igizo la ofisi za kweli. Koti linaning'inia kitini, mwenyewe hayupo, na ukiuliza unaambiwa, "Yupo, ametoka kidogo." Yule wa Dongguan hulipia igizo lake mwenyewe. La huyu linalipiwa na mama aliyetoka Changamwe kwa nauli ya kuazima, faili mkononi, akaketi kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa, na kesho itabidi aazime tena.