Mzozo wa Malipo Huamuliwa Siku ya Kufunga Mzigo

Muuzaji wa eBay, soko la mnada la mtandaoni, akipata taarifa kwamba mnunuzi ameyakana malipo, huanza kutafuta maneno ya kujitetea. Maneno hayo hayamfikishi mbali. Karani wa benki anayesoma faili lile hamjui muuzaji wala mnunuzi, na anachotafuta ni vielelezo: nani alipokea, lini, kwenye anwani ipi, na kitu gani hasa. Vielelezo hivyo havipatikani tena mzigo ukishaondoka. Kwa maoni yangu, kesi nyingi za aina hii hupotelea pale pale mezani pa kufungia mzigo, siku nyingi kabla tapeli hajafungua mdomo.

Sisi tuliozoea M-Pesa tuna tabia moja inayotuponza. Ujumbe ukiingia, tunahesabu fedha ni zetu. Kwenye M-Pesa mwenye fedha huzisukuma mwenyewe kwa namba yake ya siri, na akikosea inabidi aombe zirudishwe. Kenya mtu huupeleka ujumbe ule kwa namba 456 na kusubiri. Kadi ni kinyume chake. Muuzaji ndiye anayezivuta fedha kutoka benki ya mnunuzi, na benki inaziachia kwa sharti kwamba mwenye kadi akilalamika, itazichomoa tena. Huko kuchomoa ndiko wafanyabiashara wanakokuita chajibaki. Marekani, haki ya mwenye kadi ya mkopo kupinga deni iliwekwa na sheria ya mwaka 1974, na mwaka huohuo Uingereza ikapitisha sheria inayoibana kampuni ya kadi pamoja na muuzaji kwa bidhaa ya kati ya pauni 100 na 30,000. Hakuna mnada wa mtandaoni unaoweza kuzifuta haki hizo kwa kanuni zake.

Kwa hiyo mnunuzi ana milango zaidi ya mmoja. eBay humpa siku 30 tangu mzigo ufike, au tangu siku uliyotarajiwa kufika. PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, humpa siku 180 tangu alipolipa. Kwa kadi ya Visa, mara nyingi ni siku 120. Aliyeshindwa mlango wa kwanza anaweza kujaribu mwingine, na muuzaji aliyesherehekea ushindi mwezi wa pili hushtuka mwezi wa nne.

Malalamiko yenyewe, ukiyachuja, ni matatu tu: sikuidhinisha, sikupokea, na nilichopokea sicho. Muuzaji anayelipwa kupitia PayPal akisoma kanuni zake za ulinzi kwa haraka hudhani amekingwa kwa yote. Amekingwa kwa mawili ya kwanza, na kwa masharti: mzigo uende kwenye anwani ileile iliyo kwenye ukurasa wa muamala, uwe na namba ya kufuatilia, na kuanzia dola 750 uwe na saini ya mpokeaji. La tatu halimo kabisa.

Hapo kwenye anwani ndipo wengi wanapolizwa. Mnunuzi analipa vizuri, halafu anaandika kwa upole: nimehama, tafadhali tuma kwa shemeji yangu. Au anasema wakala wake atapita kuuchukua mzigo. Mzigo ukienda kwa shemeji au kwa wakala, ulinzi umekwisha, na mwenye kadi halisi, ambaye pengine hajui lolote, atasema kweli kwamba hakupokea kitu. Dawa yake ni moja: futa mauzo, rudisha fedha, mwambie alipe upya akiwa ameweka anwani sahihi. Mnunuzi mwema atanung'unika kidogo kisha atalipa. Tapeli hutoweka. Wapo pia wanaosubiri mzigo uwe njiani, kisha wanaiomba kampuni ya usafirishaji iupeleke kwingine, kwa hiyo uliza mapema kama kampuni yako inaweza kuzuia mabadiliko hayo.

Anayetuma kutoka kwetu kwa posta ajue kwamba namba ya kufuatilia ya kimataifa ina herufi na tarakimu 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi, TZ kwa Tanzania au KE kwa Kenya. Ya EMS, huduma ya haraka ya posta, huanza na E, na kifurushi cha rejista huanza na R. Kifurushi cha kawaida kisicho na namba ni nafuu, na unafuu huo ndio mtego, maana mnunuzi akisema hakukiona huna cha kumwonyesha mtu.

Sasa hilo la tatu, ambalo ndilo shimo lenyewe. Mtu ana kamera mbovu nyumbani. Ananunua nzima ya muundo uleule, anadai aliyopokea haifanyi kazi, kisha anarudisha ile mbovu yake. Mwingine hubadilisha sehemu tu: anachomoa kumbukumbu ya kompyuta au kadi yake ya kuchakata picha, anafunga skrubu vizuri, anarudisha boksi. Kuandika kwenye tangazo kwamba kitu kinauzwa kama kilivyo na hakirudishwi hakuzuii hata chembe, kwa sababu dhamana ya eBay humruhusu mnunuzi kurudisha kitu anachosema hakifanani na tangazo.

Kinachosaidia ni kazi ya dakika kumi kabla ya kufunga. Piga picha namba ya utambulisho ya kifaa, na kama ni simu, piga IMEI, namba ya kipekee ya simu hiyo, ikiwa imejitokeza kwenye kioo chenyewe. Tia alama ndogo ndani ya kifaa kwa kalamu ambayo wino wake huonekana tu kwenye taa ya urujuanimno, na ubandike lakiri ya karatasi juu ya skrubu, ile inayochanika ikiguswa. Kisha rekodi video moja bila kuikata: kifaa kinawaka, namba inasomeka, kinaingia kwenye boksi, boksi linapimwa, linafungwa, lebo ya anwani inabandikwa. Ukikata video katikati umempa mwenzio nafasi ya kusema ulibadilisha kitu hapo. Uzito una thamani kuliko watu wanavyodhani. Gramu zilizoandikwa kwenye risiti ya posta zimepimwa na mtu asiye na maslahi, na kamera ya gramu 840 ikirudi ndani ya kifurushi chenye jumla ya gramu 310, huhitaji hotuba ndefu.

Kasoro ziandikwe kwa vipimo. Usiandike "imetumika kidogo". Andika kwamba kioo kina mkwaruzo wa sentimita 2 kona ya juu kulia, na uupige picha ukiwa umeweka rula pembeni.

Mzigo wa kurudishwa nao una hila yake. Mnunuzi hupewa lebo ya kurudishia, anabadilisha anwani iliyochapwa ila msimbo pau anauacha, na kifurushi kinaishia nyumba nyingine ya mji uleule, pengine kikiwa na gazeti tupu. Mfumo unasoma kwamba mzigo umefika mjini kwako, na fedha zinarudi kwa mnunuzi. Ukiona mzigo umeandikwa umefika na wewe hujaugusa, nenda siku hiyohiyo kwa kampuni iliyousafirisha uombe kwa maandishi anwani kamili ulikoachwa na uzito wake. Ukingoja wiki, kumbukumbu hiyo huwa ngumu kuipata.

Katika kujibu, kosa la kawaida ni kujibu shtaka lisiloulizwa. Mnunuzi amesema kitu ni kibovu, muuzaji anapeleka saini ya mapokezi, na benki inaona kwamba hata mnunuzi hajakataa kupokea. Soma sababu iliyoandikwa, jibu hiyo peke yake, kurasa mbili zinatosha. Muda ni mfupi: eBay hutoa siku 5 za kalenda kwa mzozo uliopitia benki au mtoa malipo, Jumapili ikiwemo. Na chajibaki ikishafunguliwa, usirudishe fedha pembeni kwa kumwonea mnunuzi huruma. Benki itazichukua zake na wewe utakuwa umetoa mara mbili.

Lakini si kila chajibaki ni wizi. Mume huona jina la ajabu kwenye taarifa ya benki, hajui kwamba mkewe alinunua vyondo viwili kutoka Nairobi, anapiga simu benki. Jina la biashara linalosomeka kwenye taarifa ya kadi huondoa kesi za namna hiyo kabla hazijazaliwa. Kwa vitu vya dola 15 au 20 mimi naona kupigana ni kupoteza muda. Mrudishie, mzuie asinunue tena kwako, songa mbele. Kumzuia ndiko silaha pekee iliyobaki, maana tangu mwaka 2008 eBay haimruhusu muuzaji kumpa mnunuzi alama mbaya. Uamuzi ule ulikuwa na mantiki, wauzaji walikuwa wakilipiza kisasi. Ila uliwaacha bila njia ya kuonyana, na mnunuzi mwenye alama safi leo hakuthibitishii chochote.

Wauzaji wa Kenya wanaoweza kutoa fedha za PayPal kwenda M-Pesa, huduma iliyoanza 2018, wana jaribu la kuzitoa zote dakika ileile. Malipo yakirudishwa, akaunti ya PayPal husoma hasi na deni ni lako. Acha sehemu ndani, angalau hadi mzigo ufike. Na ukipata barua pepe inayosema PayPal imeshikilia fedha hadi utume namba ya kufuatilia, usibonyeze kiungo chake. Ingia mwenyewe kwenye akaunti. Kama fedha hazionekani humo, hazipo. Vivyo hivyo kwa anayelipa zaidi ya bei na kukuomba umtumie chenji wakala wake wa usafirishaji: malipo yake yatarudi alikotoka, ila chenji uliyotuma hairudi.

Kuna bidhaa moja nisiyomshauri mtu kuipeleka mnadani kwa wageni, nayo ni simu mpya iliyofungwa kiwandani. Ukiifungua kupiga picha si mpya tena, na usipoifungua huna ushahidi wa kilichomo ndani ya boksi. Hiyo iuzwe mkono kwa mkono, kwa fedha taslimu.