Wali wa matanga: upikwe au uachwe?

Kwenye grupu la wasap la mtaa wetu hapa Lamu kuna mjadala ulianza juzi na mpaka leo haujapoa. Mtu mmoja alipendekeza kwamba kuanzia sasa kukitokea msiba kusipikwe kitu nyumbani kwa wafiwa, watu wazike, watoe mkono wa pole, wale tende na kahawa waende zao. Wako walioitikia amina na wako waliokasirika kabisa, wazee wengine wakasema huu ni uchoyo unaletwa kwa jina la dini. Nimesoma pande zote na kila mmoja ameshika kitu cha kweli, ila kuna jambo moja hakuna aliyeligusa na kwangu mimi ndo kubwa kuliko yote.

Tuanze na wanaotaka kuacha, manake hoja yao ni nzito. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, kwenye vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 hijria, Mtume (s.a.w.) aliwaambia watu wawatengenezee chakula jamaa wa Jaafar kwa sababu limewafika jambo la kuwashughulisha. Chakula kilitoka kwa jirani kikaenda kwa mfiwa, sisi tumegeuza, kinatoka kwa mfiwa kinakuja kwetu. Na kama hujawahi kuwa upande wa ndani hujui inavyokuwa. Maiti bado yuko kitandani hajaoshwa, huku nje punda ameshafika na magunia ya mchele kutoka gatini, na binti wa marehemu ndo mwenye funguo za kabati na pesa zimefungwa kwenye pindo la leso yake, basi kila dakika anaitwa, vitunguu havitoshi, chumvi imeisha, mpe mtoto pesa akimbie dukani, sinia zile kubwa mliziweka wapi. Nimemuona mmoja akihesabu noti huku machozi yanamdondokea mkononi, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ndo shughuli ilivyo.

Halafu hizo pesa ni za nani? Mtu akishafariki mali yake ina mpango, kuna gharama za mazishi yenyewe, kuna madeni, kuna wasia, kinachobaki ni cha warithi. Kama kuna watoto wadogo ndani basi ng'ombe anayechinjwa siku ile huenda sehemu yake ni ya yatima, na yatima hajaulizwa. Sura ya Nisaa aya ya 10 inasema wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Aya hio tunaijua wote na tunaisoma, lakini ni wachache wanaoikumbuka mkono ukishaingia kwenye sinia.

Sasa njoo upande wa pili. Wanaosema pilau ipikwe sio walafi kama wanavyotukanwa. Kwanza jiografia yetu. Msiba ukitangazwa watu wanatoka Faza, Kizingitini, Siyu, Pate, wengine wanapanda basi kutoka Malindi na Mombasa usiku kucha. Wa visiwani wanategemea maji, pale Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yakikupwa boti haipiti, kwahivyo mtu amezika saa nane mchana na hawezi kuondoka mpaka maji yajae. Mzee wa miaka sabini aliyekuja kumzika nduguye umwambie tende tatu na kikombe cha kahawa kisha akae barazani asubiri? Haiwezekani, na hata huyo aliyependekeza akifiwa yeye hatoweza kulifanya hilo.

Pili kuna sadaka. Sahaba Saad bin Ubada alimuuliza Mtume kama akimtolea mamake aliyefariki sadaka itamfaa, akajibiwa ndio. Wanaolisha watu kwenye hitima, kile kisomo cha kumuombea marehemu, wanaegemea hapo, wanamlishia maiti wao, na kwa kweli siku hio wako watu wa mtaa ambao nyama hawajaiona mwezi mzima wanakula wakashiba. Huwezi kuwafutia hilo kirahisi ukasema ni bida, jambo la kuzushwa kwenye dini, halafu ukaenda kula kwako.

Na tatu, hili wanaume hatulioni. Kule jikoni kina mama wakikaa na uteo wanapeta mchele na wengine juu ya mbuzi wanakuna nazi, mfiwa anakaa katikati yao. Anapewa kitunguu saumu amenye, anaulizwa marehemu aliugua lini, anaeleza, analia, anaeleza tena kwa mwengine aliyeingia sasa hivi. Mikono ina kazi na mdomo una wa kumsikiliza. Mkiondoa sufuria mtakuwa mmeondoa na hicho kikao, manake hatujui namna nyengine ya kukaa na mtu siku tatu bila kumpikia.

Jambo lenyewe ambalo halijaguswa ni hili. Matanga ni siku tatu, lakini mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, karibu siku 130, na muda wote huo hatakiwi kutoka ovyo kutafuta riziki. Siku ile ya tatu watu wakishaondoka nyumba inakuwa kimya na kabati tupu, hapo ndo unaona maana ya mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Piga hesabu tu, gunia moja la mchele la kilo 50, mama na watoto wawili wakipika nusu kilo kwa siku ni siku 100. Magunia mawili tunayoyamaliza kwa adhuhuri moja yangemvusha eda yote na yakabaki.

Kwahivyo mimi nasema kipikwe, ila kisipikwe kwa mfiwa wala kwa pesa zake. Nyumba za jirani zigawane, huyu wali, huyu mchuzi, huyu chai na mahamri ya asubuhi, wanaotoka mbali wale washibe, na mchango unaopita kwa M-Pesa ukatwe sehemu iwekwe kwa ajili ya eda kabla hata mchele haujanunuliwa. Kikao cha kina mama kihamie uani kwa jirani na mfiwa apelekwe huko kama anaweza. Arobaini ya biriani na soda, ya kushindana nani kachinja wangapi, hio naona tuiache kabisa, mgeni wa siku ya arobaini hajakosa boti.

Kuna mahali ambapo pendekezo langu halifiki. Wako waliokuja mjini kutafuta kazi, wamepanga chumba kimoja, hawana ukoo hapa na jirani zao nao ni wapangaji wa miezi miwili. Huyo akifiwa hana nyumba za kugawana sufuria. Hapo naona kamati ya msikiti wa mtaa ingechukua jukumu, iwe na mchele wake na sufuria zake tayari, na kama kuna mtaa ambao tayari unafanya hivyo naomba mtu aandike hapa inavyoendeshwa na pesa zinatoka wapi.