Gramu 500 si Sifa ya Triga

Juzi nimesoma tangazo la mtu anayeuza bastola ya upepo ya mashindano, na yote aliyoandika kuhusu triga ni haya: "gramu 500, imepimwa." Basi. Mpini ameupiga picha pande zote, sanduku nalo limo, ila habari za kitu ambacho mnunuzi atakigusa kila anapopiga risasi zimeishia kwenye tarakimu moja. Nimekasirika kweli, kwa sababu yupo kijana atakayejinyima miezi kadhaa apate hela hiyo, kisha duara la 10, lile la katikati ya shabaha, limkatae, naye aamini mkono wake ndio mbovu.

Gramu 500 ni kima cha chini kinachotakiwa na ISSF, shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha, kwa bastola ya upepo ya mita 10. Mkaguzi anaweka jiwe la mizani mezani, mtutu unaelekezwa juu wima, jiwe linashikizwa katikati ya triga, kisha bastola inanyanyuliwa polepole, ikiwa imejazwa upepo. Jiwe likiinuka bila triga kuachia, umepita. Unapewa majaribio matatu. Kwa hiyo kipimo hicho kinajibu swali moja tu: je, triga ni nyepesi kuliko inavyoruhusiwa? Hakimwambii mtu yeyote kama triga ni nzuri.

Chukua bastola mbili zilizopita kwa jiwe lilelile. Ya kwanza, hatua ya mwanzo ya triga inabeba gramu 400: kidole kinarudi nyuma taratibu, kinagota, na hapo zimebaki gramu 100 tu. Ya pili inagota kwenye gramu 150, na mlengaji anabaki na gramu 350 za kuvuta huku macho yako kwenye kilengeo. Kwenye mizani ni mapacha. Mkononi hazina hata undugu.

Na hapo bado hatujagusa kinachotokea ndani ya gramu hizo za mwisho. Triga nzuri ikishagota, kidole hakihisi tena mwendo, inaachia, safi. Triga mbaya inajikokota. Inasogea kidogo, inakwama, inasogea tena, na wewe uliyenyoosha mkono unaanza kuusubiri mlio. Ukishaanza kuusubiri, kidole kitakwanyua, na hakuna kocha anayeweza kukizuia. Halafu kuna skrubu ya kuzuia triga isipitilize: isiporekebishwa vizuri, triga ikiachia kidole kinaporomoka nyuma na kuutikisa mtutu.

Wanaosema haya ni mambo madogo wapige hesabu. Bastola ya upepo ina uzito wa takriban kilo moja, nayo inashikwa kwa mkono mmoja. Kuvuta gramu 500 ni kuisukuma silaha kwa nguvu inayokaribia nusu ya uzito wake. Kwa mita 10, mtutu ukigeuka sehemu moja ya kumi ya digrii, risasi inakosea kwa takriban milimita 17.5. Duara la 10 lina kipenyo cha milimita 11.5. Risasi iliyokuwa iende katikati kabisa inakuwa 8. Julai 2024 dunia nzima ilizungumzia mkono wa Mturuki Yusuf Dikeç mfukoni kule Châteauroux, kwenye Olimpiki ya Paris, alipotwaa medali ya fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Natamani watu wangekitazama kidole chake cha shahada.

Hata hiyo "imepimwa" siiamini mpaka nijue imepimwaje. Wengi wanatumia mizani ya dijitali yenye kulabu, wanaivuta kwa mkono, wanasoma namba. Triga ni wenzo. Ikiwa inaachia kwa gramu 500 milimita 30 kutoka kwenye egemeo, shusha kulabu milimita 5 kuelekea nchani utasoma takriban 429. Ipandishe milimita 5, utasoma 600. Bastola ni ileile. Ongeza mkono unaovuta kwa pembe au kwa haraka, na namba hiyo haina thamani tena.

Mimi napenda kikopo na mchanga. Hakikisha hakuna risasi ndani, simamisha mtutu wima, ning'iniza kikopo chepesi katikati ya triga, mimina mchanga kidogo kidogo mpaka iachie, kisha pima kikopo na mchanga wake. Rudia mara kumi. Hapo utaona jambo ambalo gramu za tangazo haziwezi kukuonyesha: mtawanyiko. Triga inayoachia kati ya 505 na 515 kila mara inafundishika kidole. Inayoruka kutoka 500 hadi 560 haifundishiki, na huenda meno ya chuma yanayoshikana ndani yamelika au yana uchafu.

Nakubali, uzito nao una maana yake. Bastola ya mita 25 ina kima chake cha chini, gramu 1000, na ni haki wote wabanwe na sharti moja. Bastola ya mita 50, iliyoondolewa kwenye Olimpiki baada ya Rio 2016, haikuwa na kima cha chini chochote, na walengaji walifyatua kwa gramu chache mno. Triga za umeme, kama ya bastola ya Morini CM 162EI, zinapunguza mkwaruzo wa vyuma, lakini nazo zina hatua zake na skrubu zake, na maswali ni yaleyale.

Ndugu muuzaji, andika hatua ya kwanza inabeba gramu ngapi na ya pili ngapi. Andika ulipima kwa jiwe au kwa kulabu, na uliishikiza wapi. Kisha mwache mnunuzi afyatue bila risasi kadiri anavyotaka, ameelekeza kwenye ukuta mweupe, akiangalia kama kilengeo cha mbele kinatikisika triga inapoachia. Kama huwezi kumruhusu hilo, usimuuzie.