Kijana Kapata Leseni, Mfuko Umepata Ajali

Wazee wenzangu, mtoto akifaulu mtihani wa udereva nyumba nzima hushangilia. Mama anafuta machozi, mdogo wake anaomba lifti, jirani anahamishia gari lake ndani ya geti. Kisha unapiga simu ya bima, kwa upole kama mkwe mpya: "Naomba kumwongeza kijana wangu kwenye gari letu." Wanauliza umri. 17. Kimya kidogo, kibodi inalia tap tap tap, halafu inatajwa namba ambayo mwanzoni unadhani ni namba ya simu.

Na mtoto hajagonga hata ndoo! Ukiuliza kosa lake, huambiwi kosa, unaambiwa umri. Bima haimtazami mwanao, inatazama rika lake lote. Sisi tuliolelewa na ule usemi wa samaki mmoja akioza wote wameoza, hatukujua kwamba kuna watu wameugeuza kuwa fomula. Kinachoudhi zaidi ni kwamba hesabu yenyewe haijatoka hewani. Marekani, ukilinganisha umbali unaoendeshwa, madereva wa miaka 16 hadi 19 hupata ajali za vifo karibu mara 3 ya wale wa miaka 20 na kuendelea. Usiku hatari inapanda. Akipakia marafiki, inapanda tena, maana kila rafiki hupanda gari na ushauri wake.

Zamani wenye mabinti walipata nafuu. Ulaya mahakama ikaamua mwaka 2011 kwamba jinsia isiwe kigezo cha bei, na tangu tarehe 21 Desemba 2012 wote wanapimwa kwa mizani moja. Hawaii sheria imekwenda mbali zaidi: hata umri hauruhusiwi kutumika. Ukimkuta mzazi ameinamia ramani ya Bahari ya Pasifiki, usimcheke.

Sasa hapo ndipo ujanja unapoanza kichwani. Ujanja wa kwanza: gari liandikwe la mama, kijana awe dereva wa ziada "wa mara mojamoja". Kama kweli mama ndiye anayeliendesha zaidi, hakuna neno. Lakini kama mama hata kiti hajakisogeza tangu mwezi jana, huo ni udanganyifu, na siku ya ajali mkaguzi ataujua kabla hajamaliza kikombe chake. Swali ni moja tu: nani huliendesha kila siku? Kisha anatazama lilikogongewa, ambako ni nje ya chuo, saa ambayo mama yuko kazini. Dai linakataliwa, mkataba unafutwa. Pale ambapo sheria inawalazimu kumlipa uliyemgonga, wanalipa, halafu wanakugeukia wewe uwarudishie. Na kila fomu utakayojaza baadaye itakuuliza: umewahi kufutiwa bima?

Ujanja wa pili ni kunyamaza kabisa. Fomu nyingi zinauliza kila mwenye leseni anayeishi nyumbani, si kila anayeshika usukani. Baadhi ya kampuni hukubali kumtoa kijana kwa maandishi, na bei inashuka. Ila akitolewa, ametolewa! Hata kulisogeza gari lipishe lori la taka haruhusiwi.

Basi tuseme umekubali kulipa. Bado hujaiona sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kabla bima haijatia mkono. Kijana huongezewa fungu lake juu ya lile la kawaida. Chukua mfano: amerudi kinyumenyume akaigonga nguzo, bampa na taa ya nyuma ni 300. Fungu la kawaida 100, la ujana 150. Bima inakupa 50. Kwa ajili ya 50 hiyo tu, umepoteza punguzo la kutodai ulilolikusanya mwaka baada ya mwaka ukiendesha kama umebeba mayai. Kwingine linashuka ngazi kadhaa, kwingine linarudi sifuri. Fundi wa mtaani atakuja kuwa rafiki yako kuliko kampuni ya bima. Lakini tahadhari: mikataba mingi inataka uwaarifu kila ajali, hata kama hudai kitu.

Na yeye akiendesha miaka 3 bila mkwaruzo kwenye bima yako? Kwa kawaida punguzo ni lako wewe mwenye mkataba. Akijitegemea anaanza sifuri, isipokuwa kampuni chache zinazotambua rekodi ya dereva wa ziada. Waulize mapema, na uombe barua.

Halafu kuna kile kisanduku kinachofungwa kwenye gari, au programu ya simu, kinachopima mwendo, breki za ghafla, kona na saa za usiku. Kinaweza kupunguza bei kweli, ila soma kama kinaweza pia kuipandisha. Paka akiruka barabarani, kisanduku hakioni paka, kinaona breki. Ile ya simu ina kituko chake: kijana akipanda gari la rafiki anayekimbiza kama anafukuzwa, simu inaweza kudhani yeye ndiye dereva. Lazima aingie kwenye programu abadilishe aandikwe abiria, na vijana, wanaoshinda kwenye simu kutwa, kitufe hicho tu ndicho hawakioni.

Bei ulizia kabla leseni haijatoka, na kabla gari halijanunuliwa. Watu wananunua kwanza. Gari dogo, injini ndogo, vipuri vya bei nafuu, hapo ndipo pesa inapookolewa. Omba makadirio ya namna nne kwa siku hiyohiyo: kijana kwenye gari la familia, na kijana na mkataba wake kwenye gari kuukuu, kila moja kwa kisanduku na bila kisanduku. Usidhani bima ya mtu wa tatu, ile inayomlipa uliyemgonga tu, lazima iwe rahisi kuliko bima kubwa, inayolipa na gari lako. Kwa vijana wakati mwingine ni kinyume, kwa sababu wanaoikimbilia ndio wanaogonga sana. Na zile rimu za kung'aa na bomba la kishindo anazoziota ni mabadiliko ya gari. Lazima yatajwe, na yana bei yake.

Ukimwongeza katikati ya mwaka, ongezeko hukatwa kwa siku zilizobaki. Nyongeza ya mwaka mzima 730, zimebaki siku 100 kati ya 365: ni 200, pamoja na ada ya karatasi. Karatasi yenyewe siku hizi inakuja kwa barua pepe, ada haijasikia habari hizo.

Akienda kusoma mbali bila gari, usimfute haraka. Uliza punguzo la mwanafunzi wa mbali. Marekani kampuni nyingi huanzia maili 100 kutoka nyumbani, na wenye wastani wa alama B masomoni hupata lao pia. Ukimfuta, atarudi likizo Ijumaa usiku, wewe umelala, na ufunguo unaning'inia palepale ukutani.